Mashine ya Kutafuta Chuma cha Mpaka

Jumatatu, 14 Oktoba 2024

Mvua ya kwanza imenyesha leo saa tisa, na kabla haijakatika mzee jirani yangu, tata Beya, amekwisha kuniletea mkungu wa ndizi kutoka kwenye migomba yake. Mkungu mzima! Jirani haleti mkungu mzima bure. Nimeupokea, nimesema aksanti, nimeuweka sakafuni nikauzunguka mara mbili.

Naandika kwa sababu mambo yameanza, na sitaki kesho mtu aniambie nimesahau. Asubuhi chef wa avenue, mkubwa wa mtaa wetu, alipita nyumba kwa nyumba. Mwezi wa kwanza watu wa kadastre, wapimaji ardhi wa serikali, watakuja kupima parsele zetu zote, kiwanja kwa kiwanja. Kila mtu awaoneshe borne zake, zile nondo ambazo serikali ilisimika katika sementi kwenye pembe nne. Pembe isiyo na borne itaandikwa kuwa ina matata, na mwenyewe hapati karatasi mpaka matata yaishe. Hapa Kolwezi nimeona watu wamezeeka wakingoja matata yaishe.

Borne zangu tatu naziona. Ya nne, pembe ya nyuma upande wa Beya, siioni, na sijawahi kuiona. Musafiri, marehemu mume wangu, alijenga ukuta ule mwaka nilipokuwa Kasongo namuuguza mama. Nilirudi nikaukuta umesimama. Karatasi yenye mchoro wa parsele imeliwa na mchwa, wameacha muhuri tu. Na kwenye pembe ileile ndipo depo yangu, kibanda changu cha biashara, imeegemea: makaa ya Mutshatsha, unga, mihogo. Depo ndiyo inayonilisha tangu Musafiri aende. Ikivunjwa mimi nitakula nini, huo muhuri?

Ukisimama barabarani unaona ukuta hauendi moja kwa moja, umepinda. Mimi nasema umepinda kuja kwangu.

Jumanne, 15 Oktoba

Ndizi ni tamu. Hilo halibadilishi kitu.

Jumamosi, 19 Oktoba

Nimemuuliza Beya waziwazi, juu ya ukuta, yeye huku na mimi huku. Ni mtu wa Kasai, mzee wa miaka sabini na kitu, alifanya kazi kwenye mgodi mpaka mgodi ukamchoka. Nikasema, "Tata Beya, ile borne ya huku nyuma, unajua iko wapi?"

Akatazama migomba yake. Akatazama mawingu. "Mama Farida," akasema, "mvula ya mwaka huu itakuwa mingi." (Farida ni binti yangu, ameolewa Lubumbashi. Jina langu ni Sikudhani, lakini hapa wengi wananiita kwa jina lake.)

Nimemuuliza chuma, amenijibu mvua!

Jumatano, 23 Oktoba

Yassini, mdogo wangu, amerudi na lori kutoka Lubumbashi. Nimemweleza. Amesimama barabarani, amefumba jicho moja. "Yaya, mi minaona ukuta inapinda kule, kwa Beya. Hapana huku."

Nimemwambia akalale, safari imemchosha macho.

Lakini kabla ya kulala alisema neno la maana: kuna mashine za kutafuta chuma ardhini. Unatembeza sahani juu ya udongo, chini kukiwa na chuma inalia. Kama ni hivyo, sihitaji mdomo wa Beya. Borne itajisemea yenyewe.

Jumamosi, 26 Oktoba

Nimekwenda sokoni kwa Louis anayeuza simu na redio. Nilipotaja mashine tu, akafunga mlango nusu. Nani anafunga mlango kwa biashara halali?

Akatoa sanduku jeusi lenye kitambaa chekundu ndani kama la saa ya bibi arusi. Ndani mna mpini na vijiti viwili vya shaba. "Mama, hii njo ya bakubwa. Inaona mita mia. Unaiambia unatafuta nini, vijiti vinageuka vyenyewe. Dhahabu, shaba, cobalt, yote!"

"Betri inaingia wapi?"

"Haina betri, mama. Inakamata nguvu ya mwili yako."

Nikamwambia sawa, geuka utazame ukuta. Nikachukua nyundo yake mwenyewe nikaificha chini ya mojawapo ya magunia matatu ya plastiki. "Haya, tafuta." Vijiti vikageuka, vikaenda kwenye gunia la kati. Nyundo ilikuwa chini ya la kushoto. Akasema mwili wangu una nguvu inayopinga. Nikamwambia mwili wangu una akili, tena nyundo yako hii hapa. Alikuwa amenichukulia kuwa mama wa mtaani asiyejua kitu! Watu wangapi wamenunua vijiti hivyo na kwenda kuchimba vilipogeukia?

Jumamosi, 2 Novemba

Mashine ya pili. Yassini ameiazima kwa rafiki yake, ya manjano, nyepesi, sahani yake ndogo kama ya chai. Hii inatumia betri na inalia kweli. Tatizo inalia kila mahali. Nimeitembeza uani hatua kumi, imelia hatua kumi. Nimechimba kizibo cha bia ya Simba, msumari wa bati, kizibo cha Simba, kipande cha waya, kisha mahali ambapo hapana kitu kabisa, udongo mwekundu mtupu, na bado inapiga kelele. Nikainyanyua juu hewani, ikanyamaza. Nikaishusha, ikalia. Inaulilia udongo wenyewe!

Tena haioni mbali. Nimefukia nondo kiasi cha urefu wa kiganja, ikapita juu yake kama haijui.

Jumapili, 3 Novemba

Mvua. Mama Josée, mke wa Beya, alikuwa anachungulia juu ya ukuta jana wakati nachimba. Niliona kitambaa chake cha kichwa kikishuka.

Jumamosi, 9 Novemba

Nimekwenda Mutshatsha kuchukua makaa, na huko nimekutana na mtu, Ngoyi, ambaye anatembea kijiji kwa kijiji akitafuta vyuma chakavu kwa mashine. Nilimkuta anakula mihogo huku mashine imelala mapajani. Nikamwambia nataka kununua na sijui kitu.

Watu wengi ukiwaambia hujui kitu, macho yanawang'aa. Huyu aliendelea kutafuna. Akaniuliza maswali matatu: unatafuta nini, kiko chini kiasi gani, na udongo wenu ni wa rangi gani. Louis hakuniuliza hata moja.

"Mutu wa kuanza," akasema, "asinunue yenye televisheni. Atatazama televisheni, hatatazama chini. Anunue yenye vifungo viwili. Ya kwanza, hii, inazoeza mashine na udongo. Unaipandisha, unaishusha, unageuza kidogo kidogo mpaka inanyamaza. Udongo ya Lualaba iko na chuma ndani, mashine isiyo na kifungo hiki ni kelele tu. Ya pili, hii, ni ya kuchagua: isikie nini, isisikie nini. Sahani iwe kubwa kiasi, kama sahani ya ugali, njo inaona chini. Betri iwe ile ya tochi, unaipata ku duka yoyote. Na uibebe kwanza saa moja. Mukono ikiuma, haitakutumikia."

Nimeibeba saa moja nikizunguka kituo cha reli, watoto wakinifuata. Mkono haukuuma. Ameniuzia ile yake ya zamani kwa sababu ana mpya. Tumefukia nondo kwa kina cha mkono mpaka kwenye kiwiko, nayo ikalia, safi, mahali pamoja tu.

Njia nzima nilikuwa nikijiuliza kwa nini amenieleza yote yale bila kuniomba kitu zaidi. Labda mashine ina ugonjwa ambao utajitokeza nikifika.

Jumapili, 10 Novemba

Haijaugua.

Jumatatu, 11 Novemba

Nimeizoeza udongo kama Ngoyi alivyofundisha. Lakini kando ya ukuta kumejaa misumari ya Musafiri, alikuwa akiiangusha kama mtu anayepanda mahindi. Mashine haipumui. Nikageuza kifungo cha pili, kile cha kuchagua, mpaka misumari ikanyamaza. Raha! Sasa naweza kusikia borne.

Jumanne, 12 Novemba

Nimepima pembe yote, ndani ya depo na nje. Imelia mara mbili: kopo la soda na kijiko cha Farida alichopoteza akiwa darasa la pili. Borne hakuna.

Jumatatu, 18 Novemba

Siku ya saba. Nimepima hatua kwa hatua, ukuta mzima, nimechora mistari kwa jivu nisirudie mahali. Borne hakuna. Nondo ya serikali iliyo ndani ya sementi haiendi matembezi. Mtu ameing'oa.

Na nani mwingine? Leo mvua ilipokatika nilipanda juu ya gunia nikachungulia. Tata Beya alikuwa nyuma kwake, chini ya migomba, na jembe, anasukuma udongo na kuukanyaga. Mvua imekatika hivi punde, udongo ni uji, nani analima kwenye uji? Aliponiona akasimama wima kama mwanafunzi aliyekamatwa. "Yambo, mama Farida." Yambo sana, tata. Nimeona ulichokuwa unafanya. Ninaandika tarehe.

Miaka kumi na mitano ya yambo yambo, ya ndizi, ya kuja kwenye matanga ya mume wangu na kukaa siku tatu kwenye kiti kilekile bila kusema neno! Nilifikiri ni huzuni. Sasa najua alikuwa anatazama nini. Alikuwa anatazama pembe.

Jumatano, 20 Novemba

Mama Josée amenisalimu mara nne leo. Mara ya nne akauliza, "Ile mashine yako, mama, inaliaka fasi gani zaidi?" Nikamwambia inalia panapostahili. Sikumwambia natafuta nini. Nimwambie ili akamwambie mumewe aifukie mbali zaidi?

Ijumaa, 22 Novemba

Beya amesafiri kwenda Likasi, kwenye matanga ya dada yake. Atakaa huko wiki mbili. Mungu amrehemu dada yake. Yeye sijui.

Jumatatu, 25 Novemba

Kwa mama Josée ameingia mgeni: Tshilombo, mtoto wa dada wa Josée, mchimbaji wa cobalt kule Musonoi. Mabega kama mlango. Amekuja na wenzake wawili na wamefunga turubai nyuma ya nyumba, upande wa jikoni. Mama Josée anasema wanatengeneza choo. Choo cha watu watatu wenye tochi za kichwani?

Ijumaa, 29 Novemba

Nimesikia du, du, du. Nilikuwa depo, nimekaa juu ya gunia la makaa, na sauti imenijia kupitia makalio. Chini ya ardhi! Nikaweka sikio sakafuni. Du, du. Kimya. Du.

Wanachimba kuja kwangu. Beya amekwenda Likasi kusudi, ili likitokea jambo awe hakuwapo. Borne ameing'oa kwanza ili siku ya kupima asiwepo mtu wa kusema shimo limevuka.

Jumanne, 3 Desemba

Mvua siku tatu mfululizo. Ukuta wa depo umepasuka, mstari mwembamba kutoka chini mpaka kwenye goti. Nimeupima kwa kidole asubuhi na jioni. Jioni kidole kimeingia zaidi.

Nimempigia Ngoyi simu kumwambia mashine yake ni ya bure. Nilimgombeza mpaka nikaishiwa pumzi. Akanisikiliza, kisha akauliza kifungo cha pili nimekigeuza wapi. Nikamwambia: mwisho kabisa, ili isisikie misumari.

Nikamsikia anacheka, polepole, kama mtu anayeogopa kukosa adabu. "Mama. Musumari ni chuma. Borne ni chuma. Umeiambia isisikie chuma, na unaituma kutafuta chuma."

Siku saba! Nimechora mistari ya jivu kama mhandisi, siku saba, na mashine niliyoiziba masikio kwa mkono wangu mwenyewe. Nilikata simu bila kuaga. Nitamwomba radhi hasira ikipungua.

Alhamisi, 5 Desemba

Leo ni siku ndefu na nitaiandika yote.

Asubuhi nilirudisha kifungo mwanzo, nikaanza upya. Misumari ikapiga kelele, nikaivumilia, nikaitoa mmoja mmoja. Chini ya ukuta hakuna borne. Ndani ya depo hakuna. Lakini nilipoinua mashine juu ya ukuta na kunyoosha mkono upande wa Beya, sikupata kitu ila mtu mmoja: Tshilombo. Alikuwa amesimama upande wa pili, matope mpaka kifuani, anatabasamu.

"Aksanti, mama," akasema.

"Aksanti ya nini?"

"Ya kutuonesha. Mama Josée alikuona unapima pa ukuta huu wiki nzima, na majivu unachora mistari. Akaniita. Mi nikasema, mama Sikudhani hapana mujinga, kama anapima vile, cobalt iko. Tuko mita saba sasa. Tunaifuata kuja huku kwako. Ukitaka, tunagawana."

Mashine ndiyo iliyowaleta. Mimi ndiye niliyewaleta! Wamechimba chini ya jiko la Josée na chini ya chumba anacholala, mvua siku tano, kwa sababu waliniona mimi na sikuwaambia natafuta nini. Sote tuliona mtaa wa Kasulo, nyumba zenye mashimo ndani, na watu walioshuka mashimo yale na hawakupanda. Na nilikuwa nimekaa juu ya gunia la makaa nikihesabu kidole changu kimeingia kiasi gani ukutani.

Nilizunguka kwa barabara, mashine begani, bila viatu, nadhani niliviacha depo. Mama Josée alikuwa mlangoni. Nikamwambia, "Josée, watoe hao watu shimoni. Hakuna kitu chini. Mashine hii haijui cobalt."

Akanitazama vile ninavyowatazama watu mimi. Nilijua macho yale mara moja, ni yangu. "Ah bon? Kwa siku saba ulitafuta kitu isiyokuwa? Unataka batoke, halafu weye unaingia?"

"Nilikuwa natafuta borne."

"Borne!" Akapiga makofi. "Sikieni! Mutu ananunua mashine ya bazungu sababu ya borne! Mama, usinifanye mutoto."

Haki yake. Mimi ningesema vilevile. Ningesema vibaya zaidi.

Basi nikaacha maneno. Nikamwita Tshilombo alete jiwe zuri kuliko yote aliyowahi kutoa popote. Wachimbaji hubeba jiwe la namna hiyo mfukoni, nalo alikuwa nalo, jeusi, zito, la Musonoi, zuri mpaka linang'aa buluu pembeni. Nikamwambia aliweke chini, achukue mashine yeye mwenyewe, asiniamini mimi. Nikamwekea sikioni vile vya kusikilizia. Akapitisha sahani juu ya jiwe. Akapitisha tena. Akaliweka jiwe juu ya sahani kabisa.

"Hailii," akasema.

"Tupa msumari."

Akatupa msumari mmoja wenye kutu. Mashine ikalia mpaka akavua vya sikioni.

"Inasikia chuma kilichokwisha kuwa chuma," nikasema. "Jiwe ni jiwe. Hata liwe na utajiri gani ndani, kwa mashine hii ni jiwe tu. Hili watu wengi Kolwezi hawalijui, hata Louis halijui, na mimi mwenyewe nimelijua kwa mtu wa Mutshatsha. Tshilombo, mwanangu, chini kuna nini? Sema kweli. Umeona mshipa hata mmoja?"

Akafuta uso. "Udongo," akasema. "Mita saba, udongo tu. Na mayi. Leo mayi imefika ku magoti."

Mama Josée akakaa chini palepale kwenye matope. Wale wawili walikuwa bado chini. Tshilombo akaenda kwenye kamba akaitikisa mara tatu, na mimi nikasimama ukingoni mpaka nikaona kichwa cha kwanza, kisha cha pili. Vijana wawili, nyumba zao sizijui, mama zao siwajui. Mmoja alikuwa anatetemeka kwa baridi. Nikamvua shati lake lililoloa nikamfunga kitenge changu, nikalia, na nililia kwa sauti, siyo kwa adabu.

Ijumaa, 6 Desemba

Yassini ameleta lori la kwanza la moramu, udongo wa changarawe wa kujazia shimo. Nimefunga depo. Nimebeba ndoo.

Jumamosi, 7 Desemba

Lori la pili na la tatu. Shimo limejaa. Jiko la Josée halina sakafu, anapika kwangu. Tumekaa kwenye jiko moja kutwa nzima hatujui pa kutazama. Jioni nikampakulia kisamvu, akasema, "Sombe yako iko na chumvi mingi." Nikasema, "Josée, kula." Akala.

Jumatatu, 9 Desemba

Tata Beya amerudi.

Nilikuwa nashindilia udongo kwa mti pale jikoni kwake alipoingia, kofia ya matanga bado kichwani. Akatazama sakafu isiyokuwapo. Akamtazama mkewe, naye akamweleza yote kwa Tshiluba, haraka, sikuelewa ila jina langu, na lilitajwa mara nyingi. Nikangoja anifukuze.

Akanigeukia. "Mama Farida. Ulikuwa unatafuta borne?"

"Ndiyo, tata. Nilifikiri umeing'oa." Nilikwisha kuchoka kuficha mambo, nikayamwaga yote. "Nilifikiri umesogeza mpaka. Nilifikiri ulikuja matanga ya Musafiri kutazama pembe yangu. Nilikuona na jembe siku ile ya mvua, nikaandika tarehe."

Hakukasirika. Ningependa angekasirika. Akasema, "Chukua mashine yako, kuya."

Tukaenda nyuma, kwenye migomba. Akahesabu kwa miguu kutoka kwenye ukuta wangu kuingia kwake: moja, mbili, tatu. Akasimama. "Pima hapa."

Nikapima. Ikalia, safi, mahali pamoja tu. Akachukua jembe lile, akafukua kiganja kimoja, na hiyo hapo: sementi, na nondo katikati yenye namba ya serikali. Hatua tatu ndani ya parsele ya Beya. Ukuta wangu umesimama kwenye ardhi yake. Depo yangu karibu yote imesimama kwenye ardhi yake. Yassini hakuwa amechoka macho.

"Musafiri alisogeza ukuta," nikasema. Nilifikiri: mume wangu mwizi.

"Hapana kusogeza. Aliomba. Wakati ule alikuwa na lori, na lilikuwa halipati fasi ya kugeuka. Alikuya pa mulango, akakaa, akaniomba fasi. Nikamupa."

"Na borne?"

"Kila mwaka mvula inaifunua, na mi ninaifunika. Musafiri njo aliniomba vile. Alisema, 'Tata Beya, Sikudhani asijue. Akijua nimepewa kitu bure, atatafuta sababu, atatafuta, atatafuta, na akikosa sababu atabomoa ukuta na mikono yake.'" Akacheka kidogo. "Alikuwa anakupenda sana, mama. Nikamuahidi. Na mutu akikufa, minamuomba nani ruhusa ya kusema?"

Basi ndiyo maana aliniambia habari za mvua. Ndiyo maana ya jembe kwenye uji. Kila nilichokiandika humu dhidi yake ni kweli, kilitokea, tarehe ni sahihi, na maana yake yote nilikosea.

Nikamuuliza. Sikuweza kutouliza, hata pale, ningekufa. "Lakini wewe ulimpa kwa nini? Alikufanyia nini?"

Alifikiri kweli. Alifikiri kama mtu anayetaka kusaidia. "Aliomba," akasema. "Na mi nilikuwa na fasi."

Alhamisi, 12 Desemba

Nimejaribu tangu Jumatatu kutafuta sababu nyingine. Nimejaza kurasa mbili, nikazichana.

Jumanne, 17 Desemba

Nimempigia Ngoyi, nimemwomba radhi. Sakafu ya Josée imepigwa sementi. Mvua.

Jumatano, 15 Januari 2025

Watu wa kadastre wamekuja, watatu, na utepe, na mashine yao kubwa ya miguu mitatu. Wakafika pembe ya nyuma. Mimi na tata Beya tulikuwa tumesimama pamoja, Josée nyuma yetu, birika la chai mkononi.

Kijana mwenye karatasi akaangalia ukuta, akaangalia borne mbele ya migomba, akatabasamu lile tabasamu la mtu aliyeona matata. "Ukuta ni ya nani?"

"Yangu," nikasema kabla Beya hajafungua mdomo. "Na ardhi ni yake. Ukuta umeingia kwake hatua tatu. Akitaka, navunja kesho."

"Aache," akasema Beya. "Fasi nilishatoa."

"Uliuza?"

"Hapana."

"Ulikodisha? Deni? Ni ndugu yako?"

"Hapana."

Kijana akagonga kalamu juu ya karatasi. Akasema inawezekana, wanaweza kuandika kipande kile kwangu, wote wawili tutie sahihi. Lakini karatasi ina mstari wa sababu, na mstari ukibaki mtupu, mkubwa wake hatakubali. Watu hawatoi ardhi Kolwezi bila sababu, akasema. Alikuwa ananitazama kwa jicho la pembeni, ananipima, na mimi nilimwelewa vizuri sana. Akauliza tena, polepole, kama anamsaidia mtoto, "Sababu ni nini?"

Tata Beya akatazama mawingu.

"Andika," nikamwambia kijana, "aliombwa, akatoa."

"Hiyo si sababu, mama."

"Andika hivyo hivyo."

Akaandika. Nikatia sahihi bila kusoma mara mbili.